Karibu Aliyoimeza Nassib

Nassib fundi alikuwa na kosa moja ambalo hakulijua mpaka alipofikisha miaka arobaini na saba. Alikuwa hamkaribishi mtu chakula.

Si kwa uchoyo. Angekuomba uchukue sahani nzima, kama angeweza kuomba. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Alizaliwa Kapalamsenga, akalelewa na babu yake mvuvi, mzee aliyekuwa na mwiko wa mninga pembeni kila wakati wa kula. Sahani ikishatua mkekani, mjukuu akithubutu kusema hata nipe chumvi, mwiko ulishuka kwenye vifundo vya vidole. "Unakula au unahutubia?" babu aliuliza. Na kingine alichomfundisha ni kwamba mtu mzima hatafuni mbele ya macho ya watu. Mgeni akikukuta unakula, mgeukie upande, umalize upesi, usimwonyeshe meno. Hiyo ndiyo adabu, alisema babu, na mwiko ukathibitisha.

Alipomaliza darasa la saba alikuja Mpanda, akajifunza cherehani kwa mama mmoja wa Kirundi kutoka Mishamo, Libérate, ambaye alikuwa akiongea tangu asubuhi hadi jioni bila kuhitaji jibu. Wakapatana sana. Libérate alipohama, Nassib aliinunua cherehani yake, akaomba nafasi kwenye baraza ya duka la vitambaa la Tamimu, karibu na soko. Hapo akakaa miaka kumi na tisa. Mteja analeta kitambaa, Nassib anapima, anaandika namba kwa chaki, anaitikia kwa kichwa. Kesho yake nguo iko tayari, na imekaa mwilini kama mtu kazaliwa nayo. Watu walimzoea. Yeye alidhani wamemwelewa.

Jumanne moja, saa saba mchana, alikuwa anakula ugali na samaki mgebuka wa kukaanga aliofungiwa na mkewe. Akaja bibi mmoja wa Kisukuma, amejifunga kitenge kifuani, mkononi ana kingine kipya kilichokunjwa.

"Mwadila, fundi," akasalimia.

Nassib mdomo ulikuwa umejaa. Akainamisha kichwa kumwitikia, akavuta sahani upande wa pili wa cherehani, akampa mgongo ili bibi wa watu asihangaike kumtazama akitafuna. Akala haraka haraka, akanawa, akajifuta, akageuka kupokea kitambaa.

Hapakuwa na mtu. Alidhani bibi ameingia sokoni mara moja, atarudi. Hakurudi.

Kesho yake asubuhi Tamimu alitoka dukani kabla hata ya kufungua madirisha, akasimama mbele ya cherehani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda utani. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Nassib, jana ulimfanya nini mama yake Mwandu?"

"Mama yupi?"

"Bi Minza! Bibi wa Litapunga! Mwandu kanipigia simu alfajiri, hata sijavaa viatu. Anasema mama yake kasimama hapa mbele yako kama mbwa anayesubiri mfupa, wewe umempa mgongo, unakula. Ni kweli au si kweli?"

Nassib akatafuta maneno. "Nilikuwa nakula," akasema.

"Ndiyo hilo lenyewe! Ulikuwa unakula! Mtu mzima anasimama mbele yako, hata karibu hakuna?"

Nassib alitazama chini. Ndani ya kichwa chake maelezo yalikuwepo, yamepangana vizuri, babu na mwiko na mgongo wa heshima. Yalifika kooni yakakwama hapo.

"Unaona?" Tamimu akasema. "Hata sasa umenyamaza. Sikiliza. Ukoo mzima wa Mwandu wananunua hapa. Mwezi huu wana arusi tatu, vitambaa vyote walikuwa wachukue kwangu. Sasa anasema hakanyagi, yeye wala ndugu zake, mpaka wewe utoke. Nakupa mpaka kesho kutwa, Ijumaa, baada ya swala. Mwandu mwenyewe aniambie kwa mdomo wake kwamba yameisha. Asiponiambia, beba cherehani yako."

Akageuka kuondoka, halafu akarudi hatua moja. Hili la mwisho alilisema kwa sauti ya chini.

"Miaka yote hii nilikuwa nawaambia watu, Nassib ana adabu, hasemi ovyo. Kumbe huna adabu, Nassib. Ulikuwa umenyamaza tu."

Neno hilo lilimwingia kuliko lile la kubeba cherehani. Na Gaspar, muuza kandambili wa jirani, aliyekuwa amesikia yote, hakumsaidia. Kila mtu aliyepita alimwelekeza kwa kidole: "Nendeni kwa fundi mkapange foleni, anakaribia kula!" Watu wakacheka. Siku hiyo Nassib hakufungua chakula chake kabisa. Alishona suruali moja, mguu wa kushoto akaushonea ndani nje, akaufumua, akakosea tena.

Nyumbani mkewe Zuhra alimsikiliza mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ulichelewa kufika.

"Tamimu kasema kweli," akasema.

"Hata wewe?"

"Tangu umenioa umewahi kuniambia karibu?"

"Chakula si umepika wewe?"

"Nimepika mimi, ndiyo. Halafu naketi mbele ya mtu anayekula kama anakimbia mvua. Mimi nimezoea, ni mkeo. Bibi wa watu atazoea lini?" Kisha akalainika. "Baba yao, usiende Litapunga na maneno ya babu yako peke yake. Nenda kwanza kwa Bi Mwanaiddi. Yeye ana vitabu. Kamuulize hiyo adabu ni kitu gani hasa, ili ujue umekosa wapi."

Bi Mwanaiddi alikuwa akifundisha watoto chuo cha Kurani nyuma ya soko, kwenye chumba chenye mikeka na ubao mmoja. Jioni hiyo watoto walikuwa wameshatawanyika. Nassib alivua viatu, akaketi karibu na mlango, akaeleza shida yake kwa sentensi nne, na ya nne hakuimalizia.

Bi Mwanaiddi hakumcheka. Aliteremsha kamusi kubwa ya Kiarabu iliyofungwa kwa kitambaa, akavaa miwani, akafungua.

"Unalisema kila siku, neno lenyewe hujawahi kulitazama," akasema. "Adabu. Kwa Kiarabu herufi zake ni tatu: alifu, dali, be. Asili yake wanazuoni wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaosema limetokana na neno la mazoea, mwenendo ambao mtu ameukuta kwa wazee wake naye akaufuata. Hiyo ndiyo adabu ya babu yako."

Nassib akaitikia kwa kichwa. Hiyo aliijua.

"Lakini wapo wanaosema, na herufi zinawasaidia, kwamba limezaliwa na chakula." Akamwonyesha mstari kwa ncha ya kidole. "Hili hapa, maduba. Herufi ni zile zile tatu, zimeongezewa ya mbele na ya nyuma. Maana yake karamu. Chakula cha kuitia watu. Na huyu hapa, ukiivuta ile a ya mwanzo, aadib, ni yule anayeita. Anasimama, anawaambia watu, njooni mle. Ukiivuta i badala yake, adiib, anakuwa msomi, mtu aliyefundwa, hata mwandishi. Maana Waarabu waliendelea kulikuza, wakaliita adabu kila jambo jema ambalo mtu hufundishwa, mpaka maandishi mazuri. Na kumrudi mtoto pia."

"Kwa mwiko," Nassib akasema.

"Hata kwa mwiko. Ndiyo maana tunasema kumtia mtu adabu. Na nyie wa huku mnalichanganya na adhabu, mnadhani ni ndugu. Adhabu ni neno jingine kabisa, herufi zake zingine. Ya kwanza ni ain, ya pili dhali. Ukienda Litapunga, usiende kama mtu anayekwenda kupokea adhabu. Hiyo si safari yake."

"Sasa niende kama nani?"

Bi Mwanaiddi alifunga kamusi, akaifunga tena na kitambaa chake. "Wewe ulidhani adabu ni kufunga mdomo. Wale wa kwanza walianza kwa kuita. Nenda ukaite."

Nassib alitoka pale akiwa na hofu zaidi kuliko alivyoingia. Kama angeambiwa alipe mbuzi, angetafuta mbuzi. Kama angeambiwa apige magoti, angepiga. Alikuwa ameambiwa afanye kitu kimoja tu ambacho hakukiweza tangu utoto wake.

Alhamisi asubuhi alipanda bodaboda. Njia nzima ya Litapunga alikuwa akijisomea hotuba yake nyuma ya mgongo wa dereva. Mama, shikamoo. Mama, naomba radhi. Mama, mimi nililelewa na babu. Vumbi lilimjaa mdomoni, akatema, akaanza upya. Dereva akageuza shingo. "Unasemaje, mzee?" "Sisemi na wewe," Nassib akajibu, akaona aibu, akaendelea kimoyomoyo mpaka walipofika.

Mwandu alikuwa kwenye zizi na wadogo zake wawili, wanaziba pengo kwa matawi ya miiba. Alikuwa mrefu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alimwona Nassib tangu anashuka kwenye pikipiki, akaacha kazi, akamngoja afike karibu. Hakumwendea.

"Ahaa," akasema. "Bwana Mkubwa wa Kula."

Wadogo zake wakacheka.

"Mwangaluka," Nassib akasema.

"Mwangaluka. Kumbe unaongea! Mama alituambia una ulimi mfupi. Sahani yako iko wapi leo? Umeificha kwenye begi?"

"Nimekuja..."

"Umekuja. Tunakuona. Endelea."

Nassib akafungua mdomo. Hotuba yote ya njiani ikawa imeyeyuka. Alisikia ng'ombe wakipumua. Mwandu alisubiri kidogo, kisha akaokota tawi lake la miiba.

"Rudi Mpanda, fundi. Kafunge mizigo. Mimi nimeshasema mbele ya ndugu zangu wote, na neno langu sililambi. Kesho Tamimu atakutoa, na mimi nitakwenda kununua nguo."

Hapo Nassib akamwona Bi Minza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ukingoni mwa nyumba, anapukuchua mahindi kwenye ungo, na alikuwa anawatazama. Nassib akampita Mwandu bila kuomba ruhusa. Mmoja wa wadogo akamshika mkono wa shati, shati likavutika, Mwandu akasema, "Mwache, tuone." Akatembea mpaka mbele ya bibi, akachuchumaa. Na neno lililotoka si lile la radhi, wala la babu. Lilitoka lile lililokuwa limemkwama tangu Jumanne.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Karibu chakula."

Halafu vicheko vikalipuka zizini. Mdogo mmoja alijishika kiuno. "Anamkaribisha mama kwake mwenyewe! Chakula cha nani?"

Bi Minza hakucheka. "Chakula kiko wapi, mwanangu?"

"Kimekwisha," Nassib akasema. "Kilikwisha Jumanne. Nilikila chote."

Wakacheka zaidi. Lakini mdomo wa Nassib sasa ulikuwa umefunguka na aliogopa akiufunga hautafunguka tena. "Nilikila chote na sikukuita. Babu yangu alinifundisha kwa mwiko kwamba mtu akila hasemi, na asitafune machoni pa watu. Nilipokupa mgongo nilijua nakuheshimu. Sikujua kuna kuita kwanza. Ndiyo leo nimekuja kukuita. Nimechelewa, lakini nimekuita."

"Kuheshimu kwa mgongo!" Mwandu alikuwa amesogea, amesimama nyuma yake. "Mama, unamsikia?"

"Namsikia. Wewe ndiye unapiga kelele." Bi Minza aliweka gunzi chini. "Fundi, nikwambie. Siku ile nilitoka nyumbani tumbo tupu. Hospitali walisema nisile, watanipima sukari. Nimepimwa, nimetoka saa saba, kichwa kinazunguka. Nikasema nifike kwa fundi, pale kuna benchi. Ugali wako sikuutaka. Nina mahindi ya kujaza nyumba. Nilitaka uniambie karibu, nikujibu wabeja, asante, nimeshiba, halafu nikae chini. Mtu hawezi kukaa mahali hajaambiwa karibu. Nikasimama. Ukamaliza tonge, ukachukua lingine. Nikaona, ah, mimi hapa ni kama nguzo ya baraza."

Nassib akafunika uso kwa mikono yote miwili. Kwenye mambo yote aliyoyafikiria kwa siku mbili, hilo hakulifikiria: kwamba bibi alitaka kukaa tu.

"Christina!" Bi Minza akamwita mkwewe aliyekuwa jikoni. "Kama kimeiva, leta."

"Mama," Mwandu akasema kwa ukali.

"Ni mchana. Watu hawali?"

Christina akaleta ugali umefunikwa, mlenda kwenye bakuli na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Akawanawisha wanaume, na Nassib akanawishwa pamoja nao, maana mkwe wa watu hawezi kumruka mgeni na maji mkononi. Akafunua ugali, mvuke ukapanda. Wakaketi kuuzunguka, Mwandu, wadogo zake na Nassib. Bi Minza alibaki kwenye kigoda chake.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Hapo ndipo Nassib alipoelewa walipofika. Nyumba ilikuwa ya Mwandu. Neno lilikuwa la Mwandu. Bila karibu yake, mgeni hawezi kugusa, na wadogo hawatamtangulia kaka. Na Mwandu akishamkaribisha mtu kwenye sahani yake, ugomvi umekwisha, hata awe ameutangaza kwa ukoo mzima. Mwandu alijua. Aliutazama ugali kana kwamba ndio uliomtukana.

Simu yake ikalia mfukoni. Akaitoa, akatazama, jina la Tamimu likawakawaka kwenye kioo. Akaiacha ilie mpaka ikakatika.

Nassib aliweka mikono juu ya magoti. Hakusogea, hakuomba, hakuinua macho. Nzi akatua kwenye ukingo wa bakuli, mdogo mmoja akamfukuza.

"Mwandu," Bi Minza akasema.

"Naam, mayu."

"Kinapoa."

"Nakiona."

"Jumanne mtu alinyimwa neno, ukakasirika mpaka ukaamsha mjini watu waliolala. Nilifurahi. Nikasema nimezaa mwanamume. Leo mtu amekaa mbele yako, amenawa, mikono inamkauka. Na wewe babu gani alikupiga mwiko?"

Wadogo walitazama chini. Mmoja midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko alichokizuia, lakini Mwandu alipomtupia jicho kicheko kikafa.

Mwandu alivua kofia, akaiweka pembeni. Alikaa hivyo muda ambao Nassib aliuona mrefu kuliko njia yote ya kutoka Mpanda.

"Karibu," akasema. Aliuambia ugali.

Bi Minza akakohoa.

Mwandu akainua uso, akamtazama Nassib kwa mara ya kwanza bila dharau, ingawa bado bila urafiki. "Karibu, fundi. Kula."

"Wabeja," Nassib akasema.

Wakala. Tonge la kwanza halijashuka vizuri, simu ikalia tena. Mwandu akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaiweka sauti ya nje, maana wa kulia ulikuwa na mlenda.

"Mwandu, ndugu yangu!" Sauti ya Tamimu ilijaa kila mahali. "Nilitaka kukuhakikishia tu. Kesho baada ya swala namtoa. Nimeshapata na fundi mwingine, kijana, mcheshi sana."

"Usimtoe."

"Nini?"

"Nimesema usimtoe. Abaki hapo hapo."

"Kwa hiyo yameisha? Amekuomba radhi?"

Mwandu alimtazama Nassib, akamtazama mama yake aliyekuwa amerudia mahindi yake kama hasikii.

"Tamimu, mtu yuko hapa anakula kwangu. Nimemkaribisha mwenyewe. Sasa mtu niliyemkaribisha kwangu, wewe utamfukuza kwako?"

"Basi sawa," Tamimu akasema. "Mwambie... mwambie namngoja kesho kazini."

"Anakusikia," Mwandu akasema, akakata simu. Akasukuma kibuyu cha maziwa upande wa mgeni.

Nassib alikinyanyua. Kilikuwa kimejaa, na maziwa kidogo yalimwagika kwenye goti la suruali yake. Mdogo wa Mwandu akamsogezea kitambaa cha kufutia, wakaendelea kula.